Mvuke Unaopita Juu Yetu

Jumatatu, 7 Aprili

Ayak tena.

Nilirusha puto saa kumi na mbili asubuhi kama kila siku. Gesi, kamba, kile kipimo cheupe kinachoning'inia chini — unaachilia, unalitazama mpaka shingo inauma. Mwaka wa kumi na moja sasa, hapa kituo cha hewa Lodwar. Likipanda linatuma joto, unyevu na kasi ya upepo. Mimi nasoma kwa kompyuta, natuma. Hiyo ndiyo kazi.

Saa nne akafika Dk. Opondo, mkuu wa mradi, na wageni wanne kutoka Nairobi. Kibanda cha puto walikiona dakika tano. Mmoja aliuliza kama puto huwa linapasuka. Nikasema ndiyo. Basi. Halafu wakakaa mbele ya skrini wakamsikiliza Ayak saa nzima na robo. Nilikuwa naangalia saa ya ukutani.

Ana miaka ishirini na sita. Mdinka, amekulia kambini Kakuma, digrii amesomea kwa mtandao, nusu yake kwa simu yenye kioo kimepasuka. Mradi ulimchukua mwezi wa pili. Huja Lodwar Jumatatu akipewa karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini. Wiki jana karatasi ilichelewa na nilifurahi. Naandika tu ukweli, hakuna mtu anasoma humu.

Anaeleza vizuri, hiyo siwezi kukataa. Setilaiti moja inapita juu ya Bahari ya Hindi na kupima mvuke uliosimama juu ya maji. Nyingine inaangalia uso wa bahari, vile upepo umeukwaruza, na kutoka hapo inajua upepo unaenda wapi na kwa kasi gani. Unazidisha mvuke kwa upepo. Unapata maji yanayosafiri hewani. Juzi, akasema, kwa mstari wa pwani yetu, yalipita maji kilo mia tatu kila sekunde kwa kila mita moja ya mstari. Wageni wakatazamana.

"Na yanaenda wapi?" mama mmoja akauliza.

"Mengi yanapita hapa hapa juu ya Turkana," Ayak akasema. "Lakini upepo wa hapa ni mkali, hayapati nafasi ya kushuka. Yanabebwa mpaka kwetu."

Kwetu. Sudan Kusini. Wote wakacheka kidogo, kwa wema.

Mimi sikucheka. Mbuzi wa kaka yangu wanalamba mawe, na maji yanapita juu ya vichwa vyetu yakienda kwao.

Jumanne, 8 Aprili

Binti yangu Rispa amerudi kutoka shule na kuniambia anataka kuwa kama Ayak. Alimwona jana alipokuja kunichukua ofisini. "Mama, anajua bahari na hajawahi kuiona."

Nikamwambia mimi pia najua hewa. Akasema, "Ndio, lakini wewe unarusha puto."

Ana miaka kumi na mbili. Nilimpakulia ugali.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo Ayak aliniletea njugu kutoka kwa mama yake. Tulikunywa chai nje, pale kivulini nyuma ya tangi. Akaniuliza mambo mengi kuhusu puto. Hakuna mtu amewahi kuniuliza hivyo.

Anasema setilaiti zake zinaona vizuri juu ya bahari tu. Maji ni sare, mvuke unaonekana wazi juu yake. Nchi kavu mawe na mchanga vina joto lake, vinaleta kelele. "Kutoka pwani mpaka hapa mimi ni kipofu, dada. Puto lako ndio macho."

Basi nikafungua mdomo. Nikamwambia kitu nimeona kwa miaka yote hii na sijawahi kuandika popote: asubuhi upepo wa Lodwar ni mita kumi na sita, kumi na nane, hata ishirini kwa sekunde, ukipanda kidogo tu kutoka chini. Lakini kuna siku unalala. Unapata mita nne, mita tatu. Siku hizo, bahari ikiwa imetuma maji, hayapiti. Yanashuka kwetu. Milimani kwanza, halafu laga, hii mito yetu mikavu, zinakuja.

Aliacha kutafuna. "Unazo tarehe?"

Ninazo zote kichwani. Nikampa saba. Akaandika kwa mkono, maandishi madogo yamenyooka.

Nilirudi ndani najisikia mrefu. Mpaka jioni. Jioni nikaanza kujiuliza kwa nini nimempa.

Jumatano, 16 Aprili

Kakuma. Mradi ulinibeba niende "kuwakilisha upande wa vipimo".

Kutoka stendi Ayak alinitumia mtu wa pikipiki, jirani yao, anaitwa Kon. Mrefu, magoti yake karibu yaguse usukani. Baba wa watoto wawili. Anaendesha polepole kwa sababu, anasema, mke wake amemwapisha. Alinipitisha kwa mama Ayak kwanza. Mama Akuch ana banda la chai karibu na ukingo wa Tarach — laga kavu kabisa, mchanga mtupu, watoto wanacheza mpira katikati. Alinishika mikono miwili. "Wewe ndio dada wa puto. Ayak anakusema kila siku." Alinipa chai yenye tangawizi na hakutaka kusikia habari ya kulipa.

Nilitaka kumchukia yule mama na sikuweza. Nikarudisha yote kwa binti.

Mkutano ulikuwa Kalobeyei, jirani na kambi, ukumbini. Viongozi wa mitaa ya kambi, machifu wa Turkana, watu wa redio ya jamii. Kiswahili cha kila aina, Kiarabu cha Juba, Kisomali pembeni, mtu anatafsiri kwa Ngaturkana. Ayak akaonyesha ramani ya bahari. Halafu akaonyesha tarehe zangu. Tarehe zangu saba! Kwa rangi nyekundu, ukutani.

"Tumegundua," akasema, "upepo ukilala Lodwar, mvuke unashuka hapa."

Tumegundua. Nani na nani?

Wakakubaliana hivi: kila asubuhi mimi nitume namba za puto kabla ya saa moja na nusu. Saa mbili Ayak anaandika ujumbe mfupi, saa mbili na nusu redio inausoma. Laga ni salama au si salama. Watu wakapiga makofi. Chifu mmoja akamwita Ayak "binti yetu". Mimi huyo chifu ananijua tangu nikiwa msichana na alinipita mlangoni akiongea na simu.

Kon alinirudisha stendi. Njiani akasema, "Sasa sisi tukivuka tutajua. Zamani ilikuwa bahati tu."

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kanisa lilijaa mpaka nje. Niliomba kuhusu wivu. Niliutaja kwa jina lake. Padri alikuwa anasema jambo kuhusu jiwe na mimi nilikuwa nawaza kozi.

Ndiyo, kozi. Miezi mitatu Ujerumani, kujifunza kusoma setilaiti. Nafasi moja kwa kituo chetu. Dk. Opondo aliitaja Kalobeyei wakati wa kula, kama mtu anayetaja hali ya barabara. Ataamua mwisho wa mwezi. Alimwangalia nani alipokuwa anasema? Si mimi.

Jumatano, 23 Aprili

Upepo mita kumi na nane. Nimetuma saa moja na robo.

Ayak ameandika kwenye kundi letu la simu: bahari imebadilika. Kilo mia nne na hamsini tangu jana. Hajaona hivyo tangu aanze. "Kila kitu sasa ni puto la dada Namuria," akaandika. Dk. Opondo akajibu: "Kazi nzuri sana Ayak."

Nilisoma mara tatu. Kazi nzuri sana Ayak.

Alhamisi, 24 Aprili

Naandika kwa mpangilio, ili nisije kujidanganya baadaye.

Saa kumi na mbili nilirusha. Bendera ya ofisi ilikuwa imelala mlingotini. Sijazoea kusikia vizuri hivyo — mbwa upande wa pili wa mto Turkwel, mlango wa jirani.

Saa moja na dakika ishirini namba zilikuwa tayari. Upepo mita tatu. Unyevu umejaa kutoka chini mpaka juu, kilomita nne nzima. Sijaona kitu kama hicho kwa miaka.

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya jina la Ayak. Halafu nikawaza: atachukua namba yangu, ataweka kwenye ramani yake, na kesho yeye ndiye aliyeona. Nitaambiwa asante kwa puto.

Basi sikumtumia. Niliketi nikamwandikia Dk. Opondo peke yake. Saa mbili kasoro dakika tano. "Daktari, upepo umelala. Mvuke wa bahari hautapita leo. Utashuka kwetu, alasiri naona, na laga za Kakuma zitajaa. Huu ni utabiri wangu. Namuria." Tiki moja tu. Alikuwa kwenye ndege. Nilijua, alisema jana anasafiri. Nilifikiri atashuka baada ya dakika arobaini, atapiga kelele, ataniita kwa simu mbele ya wote.

Saa mbili akapiga kaka yangu Etabo, yuko Namoruputh na mbuzi. "Hewa imesimama, wanyama wanahema tu. Nikae hapa lagani?"

"Toka," nikasema. "Panda juu leo, wote."

Hakuuliza kwa nini. Alikata simu akaenda.

Saa mbili na dakika tano, Ayak: "Ejoka dada. Puto limepanda?"

Nikaandika: "Kompyuta imekwama. Ngoja."

"Pole. Basi natumia upepo wa jana kwanza?"

Niliweka simu kifudifudi juu ya meza. Nikaenda kufunga bomba la gesi, ambalo lilikuwa limefungwa.

Saa mbili na nusu redio ikasoma. Waliweka sauti kwenye kundi. Mvuke ni mwingi baharini lakini upepo ni mkali, utapita. Manyunyu tu. Tarach ni salama leo.

Nikasubiri Opondo. Saa tatu. Saa nne. Tiki moja. Kila nusu saa nilisema nusu saa ijayo. Nilishachelewa, na kila dakika iliyoongezeka ilikuwa ngumu zaidi kueleza kuliko ile ya kwanza. Saa sita na nusu nikamtumia Ayak faili bila neno lolote.

Dakika moja haikuisha. "Dada hii ni ya leo??"

"Ndio. Kompyuta."

Saa saba kasoro dakika kumi alisahihisha ujumbe kwenye kundi la viongozi. Alipiga redio pia. Walimwambia wanasoma asubuhi na jioni.

Saa nane na nusu mawingu yalikuwa meusi upande wa magharibi. Hapa Lodwar ilinyesha kidogo, watoto walitoka kucheza. Rispa alikuja ameloa anacheka.

Saa kumi na nusu simu zikaanza.

Ijumaa, 25 Aprili

Barabara ya Kakuma imekatika sehemu mbili. Ayak alinipigia saa tatu asubuhi. Sauti kama ya mtu mwingine.

Tarach ilikuja ukuta mzima. Mabanda ya ukingoni yameenda, na la mama Akuch. Mama mwenyewe yuko salama, alitoka na sufuria moja na hajui kwa nini alichukua hiyo. Nyumba nyingi za udongo zimelala.

Kon hajapatikana. Alikuwa anavuka saa kumi na robo na gunia la unga la mteja. Mchanga ulikuwa bado mkavu mbele yake. Watu wa upande wa pili walipiga kelele kwamba wanasikia maji. Akawajibu kwamba redio imesema ni salama.

"Mimi ndio niliandika, dada," Ayak akasema. "Nilitumia ya jana."

Nikasema pole. Nikasema pole tena.

Etabo naye amepiga. Laga ya Namoruputh imebeba mbuzi wa majirani. Mbuzi wake wote wako hai. Ananiita mama wa mvua, anataka kuniletea beberu.

Jumamosi, 26 Aprili

Ujumbe kutoka kwa Dk. Opondo. Nimeusubiri miaka kumi na moja.

"Madam Namuria, nimeona ujumbe wako wa Alhamisi. Niliusoma nimechelewa, najilaumu sana. Uliona kabla yetu sote. Setilaiti zilituonyesha mzigo, wewe ulituonyesha unashuka wapi. Nataka jina lako liende kwa kozi. Tuongee Jumatatu."

Nilikuwa nikifua. Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nilingoja furaha ije. Ilikuja pia, kidogo, siwezi kusema haikuja. Ndiyo maana nimeona haya.

Jumapili, 27 Aprili

Wamempata Kon. Chini sana, mahali mto unapinda, amenaswa kwenye mizizi. Pikipiki bado.

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 28 Aprili

Upepo mita kumi na saba. Umerudi kama hakuna kilichotokea.

Opondo alipiga saa tano. Aliongea kuhusu pasipoti na tarehe. Halafu akashusha sauti. Anasema hamwelewi Ayak. "Wewe uliona saa mbili kasoro. Yeye redioni anasema salama saa mbili na nusu. Aliifanyia nini data yako?"

Hapo ndipo ilikuwa nafasi. Ilikuwa wazi mbele yangu kama mlango.

Nikasema, "Sijui, Daktari. Siku ile kulikuwa na shida za mtandao."

Akasema amemwambia aandike ripoti, alete mwenyewe hapa tuisome pamoja kabla ya kwenda Nairobi. Kama ni uzembe, mradi hauwezi kuendelea naye. Alisema kwa huzuni. Anampenda yule msichana, nasikia bado anampenda — na hata hapo, Mungu anisamehe, kifua changu kiliuma kwa sababu hiyo.

Jumanne, 29 Aprili

Amekuja. Barabara imetengenezwa juujuu, amesafiri saa tano. Walimpa karatasi ya siku moja tu, lazima arudi leo. Jana walimzika Kon. Viatu vyake bado vina tope la huko, jekundu.

Alinisalimia vilevile. Ejoka, dada. Alimuulizia Rispa. Akasema mama yake ananisalimu, analala kwa kina Athieng, shangazi yake, mpaka apate mabati. Nilimpa kiti. Nilimpa maji. Alikunywa glasi mbili bila kupumzika.

Opondo amepiga, yuko njiani kutoka uwanja wa ndege.

Ripoti ni kurasa mbili, Kiingereza cha ofisi. Ukurasa wa kwanza ni bahari: mvuke, upepo, kilo mia nne na hamsini, yote sawa. Ameandika pia kwamba kanuni ya upepo kulala ni ya Namuria wa kituo cha Lodwar, imetokana na uchunguzi wake wa miaka kumi na moja. Ameiandika juu kabisa. Niliuliza kama ameiongeza jana. Akanitazama bila kuelewa. Akasema iko hivyo tangu Kalobeyei, kwenye karatasi walizogawa, sikupata yangu?

Nilikuwa nayo. Haikuwahi kutoka kwenye mkoba.

Ukurasa wa pili ni Alhamisi. Ameandika kila kitu kwa saa. Saa mbili na dakika tano, niliuliza. Saa mbili, nilikuwa nimekwisha anza kuandika. Niliamua mwenyewe kutumia upepo wa jana. Sikupaswa kusema salama, nilipaswa kusema sijui. Hakunitaja kwa ubaya popote. Nilitafuta.

Katikati kuna mstari mmoja ameuacha wazi. *Data ya puto ilikuwa tayari saa —* halafu nafasi nyeupe.

"Daktari anasema uliona asubuhi," akasema. "Mimi nilipata saa sita na nusu. Nimeangalia simu mara nyingi nikidhani nimepitwa na ujumbe. Sijaona." Hakuwa anafoka. Alikuwa amechoka tu. "Kwa hiyo hapo sikuandika kitu. Saa ya puto ni wewe unajua. Jaza, halafu mimi nitaweka sahihi."

Akaweka kalamu yake juu ya karatasi. Akasema anaenda nje kuosha viatu kabla Daktari hajafika, ana aibu kuingia ofisini hivyo.

Nimekaa nayo. Nikiandika saa sita, hakuna mtu hapa Lodwar anayejua kufungua kompyuta yangu na kuangalia. Opondo ana ujumbe wangu wa saa mbili kasoro, lakini tayari nimemwambia ni mtandao. Ni tarakimu moja tu.

Nimejaribu mara mbili kuweka kalamu pale na mkono haushuki. Nimechukua daftari hili kwanza, nione mkono wenyewe unataka kuandika nini.

Data ya puto ilikuwa tayari saa moja na dakika ishirini.

Hapa daftarini imetoka bila shida; kwenye ripoti nafasi bado ni nyeupe.

Bomba la nje limefungwa. Namsikia anaongea na askari wa lango, anamuuliza kama lile gari jeupe ndilo la Daktari.